Mwanagenzi wa Idara ya Kutoa Sumu

Nchi yenyewe ipo, ila msiitafute, mtawasumbua wenyewe. Inaitwa Mbeleni. Watu wake ni wapole, wakarimu, na wanapenda sana wageni wanaoondoka mapema. Tangu enzi za mababu walikuwa na desturi moja nzuri: mtu akikukaribisha kinywaji, kiwe togwa au maji ya mtungini, kwanza anapiga funda moja yeye mwenyewe mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Waliita kutoa sumu. Maana yake, kama ni kufa, tunakufa wote, ndugu yangu, kunywa bila wasiwasi.

Serikali ya Mbeleni ilipoona wananchi wanafanya jambo hilo kienyeji, bila usimamizi wala mhuri, iliwaonea huruma ikaliundia idara. Idara ikapewa jengo, jengo likapewa geti, geti likapewa mlinzi asiyejua ndani kuna nini. Kazi ya Idara ya Kutoa Sumu ilikuwa kuhakikisha kwamba chochote kitakachomgusa Mheshimiwa Mtangulizi wa Taifa, chai, kiti, lifti au jukwaa, kimeguswa kwanza na mtu mwingine. Mheshimiwa aliitwa Mtangulizi kwa sababu ndiye anayetangulia katika kila jambo, akishatanguliwa.

Watumishi wakaanza kutangulia, na wakatangulia kweli. Mmoja alitangulia kwenye supu ya uyoga, mwingine kwenye ngazi ya jukwaa, na mwingine kwenye farasi aliyeletwa zawadi kutoka nchi ya mbali. Wajane wakajaa kwenye korido za Hazina wakidai mafao, mpaka mtaalamu mmoja akaandika andiko kwamba mtumishi mwenye ajira hafai kwa kazi ya namna hii, anaacha makaratasi mengi. Andiko likapendekeza mwanagenzi. Huyo ni kijana wa chuo aliyekuja kujifunza kazi. Hana mkataba, hana mafao, na akitoweka kabla ya wakati inaandikwa kwamba hakumaliza mafunzo.

Hivyo ndivyo Zawena alivyopokelewa.

Zawena alikuwa anasoma uhandisi wa maji, mwaka wa mwisho. Wenzake walikuwa wameshavaa majoho na kupiga picha, yeye kabaki. Kisa ni kwamba mwaka uliotangulia hakupata ofisi ya kumpokea kwa mafunzo, na chuoni kwao sheria ilikuwa moja: bila sahihi ya ofisi, hakuna cheti, na anayekosa mara ya pili jina lake linafutwa kama vile hakuwahi kukaa darasani. Aliomba Wizara ya Maji wakamjibu kwamba maji yamekatika. Aliomba viwandani, kimya. Idara ya Kutoa Sumu ilimjibu siku hiyo hiyo. Hata hakushangaa, kwa furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?" Aliyeuliza ni Bi Ndekwa, mlezi wa wanagenzi, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza watoto, na kalamu imening'inia shingoni kwa kamba.

"Bado, mama."

"Vizuri sana." Akavuta kikombe kilichokuwa mezani, akakisogeza taratibu. "Hii ni ya Mheshimiwa. Piga funda moja."

Zawena akapiga funda. Bi Ndekwa akatazama saa ya ukutani, akamtazama Zawena, akatazama tena saa.

"Unajisikiaje?"

"Salama tu. Ina tangawizi nyingi."

"Hapana. Hapa hatusemi tangawizi. Ukimaliza unasema 'tamu'. Iwe chai, iwe godoro, iwe lifti. Tamu. Fomu haina nafasi ya neno jingine."

"Na ikiwa chungu?"

"Haijawahi kuwa chungu. Tangu idara ianze, wote waliotoa taarifa wamesema tamu. Hata nchi jirani wanakuja kujifunza kwetu."

"Na ambao hawakutoa taarifa?"

"Hao hawakusema kitu," akajibu Bi Ndekwa. "Mtu asiyesema kitu utamwandikaje?"

Alipotoka nje ya ofisi, Zawena alimkuta mwanaume mwenye mvi amekaa kwenye benchi la wanagenzi, anafuta viatu kwa kitambaa. Aliitwa Hamduni. Zawena akadhani ni baba wa mmoja wa wanafunzi, akamwamkia.

"Usiniamkie, mimi ni mwenzio," Hamduni akasema. Alipocheka lilionekana pengo la meno ya mbele, kumbukumbu ya kiti cha kuzunguka. "Nilimaliza chuo zamani. Sisi wahitimu tunaendelea na mafunzo mpaka nafasi itokee. Binti yangu anamaliza kidato cha sita, wameniahidi watampokea hapa hapa. Wewe unataka nini?"

"Sahihi ya Bi Ndekwa tu, basi."

"Basi hatutagombana. Mimi nataka kitambulisho cha ajira, chenye picha. Chunga sana vitu vyenye umeme, na usikubali kukaa katikati ya kiti."

Zawena alikuwa mtu wa kuangalia kabla ya kusema, akaushika ushauri. Alikaa pembeni ya kiti cha Mkutano wa Mazao, mguu wa kiti ukavunjika hata hivyo, akasema "tamu" akiwa sakafuni, na Bi Ndekwa akaweka alama ya vema. Alijaribu kipaza sauti cha uwanja wa michezo, kikampiga shoti nywele zikasimama, akasema "tamu" na wananchi wakapiga makofi wakidhani hotuba imeanza. Alipanda lifti ya jengo jipya la Idara ya Ukweli ikakwama humo ndani, akakaa gizani akisikia waya ukilia juu ya kichwa chake kama mtu anayesaga meno, na kupitia ufa wa mlango Bi Ndekwa alikuwa anamuuliza kwa upole, "Tamu, mwanangu? Nina kikao."

"Tamu, mama."

Kila aliposema neno hilo alijua si kweli. Lakini alikuwa anaiona ile kalamu kifuani kwa Bi Ndekwa, inayumba, na aliyafumbia macho mengine yote.

Kukawa na Wiki ya Uanagenzi. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Madaraja na Matarajio, Mheshimiwa Kombeo, mtu mwenye tumbo lililotangulia na shingo iliyochelewa. Wanagenzi walipangwa mbele juani ili waonekane.

"Ndugu zangu," alinguruma Waziri, "kuna watu wanabeza uanagenzi. Wanasema vijana wanatumika. Nawauliza, kitu kisichotumika kina faida gani? Uanagenzi una faida tatu, na zote tumezifanyia utafiti. Mwanafunzi anapata uzoefu. Mhitimu anapata matumaini. Na taasisi inayowapokea..." Akageuza karatasi, upande wa pili haukuwa na kitu. "Taasisi inapata mtu."

Makofi yakavuma.

"Mimi matumaini nimeyapata mpaka natafuta wa kumgawia," Hamduni alimnong'oneza Zawena bila kutikisa midomo.

Waziri alikuwa hajamaliza. Alitangaza kwamba kilele cha wiki kitakuwa kwenye Korongo la Kidete, ambako serikali sikivu imekamilisha daraja la kuning'inia, na Mheshimiwa Mtangulizi atalivuka kwa miguu yake mwenyewe mbele ya taifa. Zawena alihisi mkono wa Hamduni umeganda begani kwake.

Korongo la Kidete lilikata nchi vipande viwili. Watu wa upande wa pili, waliokuwa wanaitwa Wang'ambo hata na wao wenyewe, waliomba daraja tangu babu zao. Wanawake wao walileta ndizi soko la upande huu kwa kuteremka bondeni na kupanda tena, safari ya kutwa nzima na mkungu kichwani. Chini hapaonekani vizuri. Ukitupa jiwe unasubiri.

Asubuhi ya kilele, idara nzima ilifika mapema na mabasi. Hamduni ndiye aliyepangwa kutangulia, kwa ukongwe wake. Lakini kabla msafara haujafika, Bi Ndekwa alishuka kwenye gari la Mkurugenzi akiwa ameshika kofia mpya ya bluu.

"Hongera Hamduni. Barua yako imetoka. Kuanzia leo wewe ni mtumishi wa kudumu."

Hamduni aliivaa ile kofia kwa mikono miwili. Akatazama daraja. Akamtazama Zawena. Akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyeona asichotakiwa kuona.

"Mtumishi wa kudumu hatangulii," Bi Ndekwa akaeleza, "ana mafao. Zawena mwanangu, ni wewe. Nenda hadi ng'ambo, rudi, sema neno letu kwenye kipaza sauti, nami nakusainia hapo hapo. Fomu ninayo, naona hata chuoni kwenu wanauliza. Leo ndiyo siku ya mwisho, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usichelewe."

Hamduni alimsindikiza hadi kwenye nguzo. Alikuwa anajifanya kumwelekeza kitaalamu. "Nilikuja jana kulipima kwa macho," alisema chini chini. "Shika waya wa kushoto. Wa kulia usiuguse. Katikati pita upesi."

"Kaka, kuna nini katikati?"

"Mimi ni mtumishi," alijibu Hamduni. "Siwezi kusema."

Msafara ulifika, vumbi likatanda, likatua. Mheshimiwa Mtangulizi akaketi kwenye kiti kilichokwisha kutolewa sumu. Bendi ikanyamaza. Zawena akavua ndala, akakanyaga bamba la kwanza.

Mwanzoni lilikuwa daraja. Alikwenda ameshika waya wa kushoto, macho kwenye vidole vya miguu yake, upepo ukimpuliza sketi. Nyuma yake mtangazaji wa redio alikuwa anasema, "Anatembea, wasikilizaji, anatembea kwa furaha." Alipofika katikati bamba likacheza chini ya unyayo wake kama jino bovu. Akainama. Kwenye mashimo ya kukazia hapakuwa na bolti. Palikuwa na kamba ya katani, imefungwa vizuri na kupakwa rangi ya fedha. Shimo la pili hivyo hivyo. La tatu halikuwa hata na kamba. Kupitia humo aliona kijito kule chini, chembamba kama uzi wa cherehani.

Alitaka kupiga kelele, na hapo hapo akajua kelele itamtikisa. Akapumua. Akahamisha mguu taratibu, halafu mwingine. Waya wa kulia, ambao hakuugusa, ulikuwa unajikunjua nyuzi zake wenyewe, mmoja mmoja, bila haraka.

Ng'ambo alipokelewa na kundi la wanawake wenye mikungu ya ndizi. Walikuwa wamekaa wanasubiri ruhusa. Wa mbele, mama mrefu mwenye kanga iliyofifia, alimpa mkono wa kumvuta.

"Pole mwanangu. Unatetemeka. Njaa?"

Zawena akatikisa kichwa. Kwa mbali kipaza sauti kilikuwa kinamwita arudi. Akarudi. Sitaeleza kurudi, kwa sababu yeye mwenyewe hakukumbuka. Alikuja kujitambua amesimama kwenye udongo, na Bi Ndekwa anamsogezea kipaza sauti mdomoni huku mkono mwingine ukiwa umeshika kalamu tayari.

Nchi nzima ilikuwa inasikiliza. Akifungua mdomo na kusema tamu, Mtangulizi anakanyaga, na nyuma yake kwaya, na akina mama, na watoto wa halaiki. Akisema lile neno lingine, jina lake linafutwa, na pengine si jina tu. Akatafuta neno la katikati.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ikaruka korongo na kurudi, "kwetu bibi zetu walitufundisha kwamba anayetoa sumu ni mwenye chungu. Aliyepika ndiye anayekunywa kwanza. Mimi sikupika."

Bi Ndekwa aliziba kipaza sauti kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa. Mtangulizi aliinua mkono. Alikuwa mzee wa sauti ndogo, na kila alipoongea watu walilazimika kuacha kupumua ili wasikie.

"Binti anasema kweli. Bibi yangu hakuwahi kunipa togwa kabla hajaipiga funda. Kombeo, nani kapika daraja hili?"

"Ni wewe, Mheshimiwa," Waziri alisema akiinama. "Kwa maono yako."

"Maono ni yangu. Chuma ni cha nani?"

Waziri akajifuta shingo. "Chuma ni cha Wizara, Mheshimiwa. Ila mimi ni mtunga sera, na sera kwa asili yake haipiti juu ya daraja. Mtekelezaji ni Katibu Mkuu."

"Natekeleza, Mheshimiwa," alisema Katibu Mkuu, akirudi hatua moja nyuma, "lakini mipaka yangu ni mlango wa ofisi. Huku nje natekeleza kupitia Mkurugenzi."

"Ningekwenda kwa moyo mweupe," alisema Mkurugenzi, "ila goti hili, daktari amelikataza heshima kubwa kama hii. Bi Ndekwa yuko vizuri."

Bi Ndekwa alipauka. "Mimi ni mlezi, baba. Nikipotea mimi, watoto hawa nani atawasainia? Taifa litakosa wahitimu." Akageuka nyuma akatafuta, na hapakuwa na mtu nyuma yake isipokuwa kofia ya bluu. "Hamduni. Wewe sasa ni wa kudumu."

Hamduni alisogea hadi kwenye nguzo. Aliweka mkono juu ya waya, akautoa. Watu walikuwa kimya kiasi kwamba ulisikika uzi mmoja wa waya ukikatika kule katikati, ti, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

"Mheshimiwa," alisema Hamduni bila kugeuka, "nimeajiriwa leo asubuhi. Naomba nitangulie kesho. Kitambulisho hakijatoka."

Hakuna aliyecheka mpaka Mtangulizi alipocheka. Alicheka kidogo tu, halafu wote wakacheka sana. Akatazama saa yake, akaletewa mkasi, mkasi ukajaribiwa kwanza kwenye utepe mwingine, naye akakata.

"Nimelifungua kwa macho," alisema. "Daraja zuri huvukwa kwanza na macho. Wananchi wavuke, ni lao."

Bendi ikapiga. Mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwamba Mheshimiwa amevuka. Milango ya magari ikafungwa moja baada ya nyingine, vumbi likatanda upya, na msafara ukaondoka kwa kasi ile ile uliyojia. Walibaki Zawena, Bi Ndekwa, Hamduni, askari mmoja, basi la idara lililokuwa linanguruma, na vipaza sauti ambavyo fundi alikuwa bado hajavizima.

Askari alikata kamba iliyoziba mlango wa daraja. Akachukua kipaza sauti. "Ninyi wa ng'ambo. Limefunguliwa. Vukeni kwa utaratibu."

Ng'ambo wanawake wakainuka. Wakasaidiana kutwika mikungu.

"Umenitoa jasho leo," Bi Ndekwa alimwambia Zawena, na hakuwa amekasirika, alionekana amechoka tu. Alifungua fomu juu ya mkoba wake. "Lakini yamepita. Mkubwa ameondoka salama, hakuna baya. Fomu inataka neno moja. Sema, nisaini, tupande basi. Chuo kinafunga saa kumi."

"Mama, hao wanavuka."

"Hao hawako kwenye ratiba yetu. Sisi ni wa Mheshimiwa."

"Lile daraja limefungwa kwa katani."

"Sijasikia," alisema Bi Ndekwa kwa upole ule ule. "Nakuuliza kazini, mwanangu. Tamu?"

Zawena alimtazama Hamduni. Hamduni alikuwa ameivua kofia, anaigeuza geuza mikononi, anatafuta kitu ndani yake.

"Sema tu, dada," alisema. "Mimi nimesema miaka yote."

Kule ng'ambo, yule mama wa kanga iliyofifia alikuwa wa kwanza. Mkungu kichwani, mkono mmoja umeshika mkungu, mwingine ukiutafuta waya. Ule ule unaojikunjua. Akaweka mguu kwenye bamba la kwanza, akasimama kidogo kujizoeza na mtikisiko. Nyuma yake wenzake wamejipanga.

Ncha ya kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Zawena aliiona, nyeusi, tayari. Aliona na jina lake limechapwa pale juu, zuri, na majina mawili ya baba yake. Akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti kwa askari, na askari akampa, maana binti huyo ndiye aliyekisemea mwanzo.

"Chungu," alisema.

Neno lilikuwa halijawahi kupita kwenye vyombo vile. Lilikwenda likagonga ukuta wa korongo, likarudi na kuwapitia vichwani, likaenda tena. Yule mama akabaki na mguu mmoja kwenye bamba.

"Unasemaje?" alipaza sauti.

"Chungu, mama. Nimepita hapo. Limefungwa kwa kamba. Rudi nyuma, taratibu, acha huo waya."

"Mbona mkuu wenu kasema tuvuke?"

"Hakuvuka."

Wanawake wakaanza kusemezana. Sauti zao zilifika nusu nusu. Mmoja alikuwa anasema wamedanganywa tangu kwa bibi zao, hata huyu labda anataka ndizi zioze, ananunuliwa na madalali. Mwingine anasema jua linakwenda. Basi la idara likapiga honi. Bi Ndekwa alikwisha kufunika kalamu, taratibu, na kuirudisha kifuani. Hakusema neno baya. Alimgusa Zawena shavuni, kama mtu anayemuaga mgonjwa, akaenda kwenye basi. Hamduni akasimama, akamfuata, akafika mlangoni, akasimama tena hapo na mguu mmoja juu.

"We binti," mama aliita kutoka ng'ambo, na mguu wake ulikuwa bado uko kwenye lile bamba. "Wewe ni nani hapo? Una cheo gani?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Nilikuwa mwanagenzi. Sasa hivi hata uanagenzi sina."

Mama alifikiri. Korongo zima lilikuwa linamsubiri. Halafu akawageukia wenzake, na sauti yake ilisikika vizuri hata bila kipaza sauti.

"Kama hana cheo, basi hajatumwa. Shusheni."

Akaondoa mguu kwenye bamba. Akainama, wenzake wakamshika mkungu huku na huku, wakautua chini. Ukafuata wa pili. Zawena aliendelea kusimama pale pale, kipaza sauti mkononi, akiwatazama, mpaka alipouona na mkungu wa mwisho umekaa juu ya ardhi.